Jasho la Kulipwa na Jasho la Kulipia: Kocha Bibi Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika, kwa haraka ya mtu anayewahi daladala, kwamba kila mtu mzima atafute walau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, nikafunga kalamu. Barua zilizokuja sikuzitarajia. Wachache wameshukuru. Wengi wamenisuta, na mmoja ameuliza dakika hizo zinauzwa soko gani aende akanunue. Nimefundisha michezo shule za msingi za Temeke kwa miaka 31, kusutwa na watoto nimekuzoea. Kusutwa na watu wazima wenye haki yao ni jambo jingine. Kwa hiyo safari hii maswali ya vitambi na maji ya ndimu yatanisamehe. Nimechagua barua sita.

*Shikamoo Kocha Bibi. Mimi ni mama ntilie hapa Buguruni, karibu na Sheli. Naamka saa tisa usiku, napakia vitu kwenye bodaboda, saa kumi na mbili chai na maandazi viko mezani. Nasimama mpaka saa kumi jioni, naosha masufuria, nabeba ndoo zangu mbili natembea mpaka nyumbani Vingunguti, maana nauli ya wiki ni kilo ya sukari. Juzi zahanati wamenipima presha wakakuta 160 kwa 100. Daktari, kijana mdogo tu, akaniambia nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Nilicheka mpaka akanuna. Kocha, mazoezi gani zaidi ya haya? Na mbona nanenepa na kazi ya punda naifanya?*
— Mama Ntilie, Buguruni

Marahaba, mwanangu. Huyo kijana alikupa ushauri sahihi wa mtu asiyekujua. Angekuuliza siku yako inaanzaje, nadhani lile neno "mazoezi" angelimeza, au angalau angelifafanua. Lakini 160 kwa 100 si namba ya kuchekea. Kama wamekupa dawa, meza kila siku, hata siku unayojisikia mzima, na urudi kupimwa. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, unaacha kila kitu unakwenda hospitali, hata kama wali uko motoni.

Sasa tuhesabu. Kutembea kwako jioni kunahesabiwa, tena kamili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, ndio huo wenye dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, hausemi popote kwamba lazima uwe umevaa raba na kulipa kiingilio. Mwendo wa njiani umo, wa kazini umo, wa nyumbani umo. Mwongozo wa kabla yake, wa 2010, ulitaka kila kipande kifike dakika 10 mfululizo. Sharti hilo limeondolewa. Kutoka Sheli mpaka Vingunguti nimewahi kwenda kwa mguu, na kwa mwendo wa umri wangu ilikuwa kama nusu saa. Siku sita za kazi, hizo ni dakika 180. Kipimo cha kasi ni hiki: uweze kumsimulia mwenzio habari za jirani, lakini ukijaribu kuimba taarabu pumzi ikukatikie katikati ya ubeti. Ukifika kiitikio bado unaimba, kaza mwendo.

Utata uko kwenye kusimama jikoni. Tunaona jasho tunasema hilo zoezi, na jasho lako wewe nusu yake ni la mkaa. Mtu anayekimbia nusu saa, moyo wake unapanda, unashuka, unapumzika, kesho unarudi ukiwa na nguvu kidogo zaidi. Wewe unasimama saa kumi na zaidi, mgongo umepinda, mzigo si mkubwa ila hauishi, na mwili haupati nafasi ya kujirekebisha. Kuna watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, waliofuatilia watu wazima zaidi ya 104,000 wa Copenhagen na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021. Waliojishughulisha sana katika muda wao wenyewe walipata maradhi ya moyo kwa uchache. Waliojishughulisha sana kazini walipata zaidi. Wapo wanaobisha kwamba si kazi inayoumiza bali ni umaskini unaokwenda sambamba na kazi hizo. Sitaingia katika ugomvi wa wasomi. Kwako wewe, yote mawili yapo jikoni.

Ninachoamini mimi, baada ya miaka yote ya kutazama miili ya watu, ni kwamba kinachotofautisha jasho na jasho ni nani mwenye amri juu ya saa. Bwana anayelipia jimu akichoka anashuka kwenye mashine, anafuta uso na taulo, anakunywa maji. Wewe ukichoka kuna watu kumi na wawili wanasubiri wali maharage. Jasho lako umelipwa, lake amelipia, na la kulipia ndilo lenye ruhusa ya kupumzika.

Ndiyo maana hesabu za dunia zinatusifia kwa namna ya ajabu. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka mwaka 2018 ulikuta watu wazima wasiojishughulisha vya kutosha ni asilimia 67 kule Kuwait na asilimia 5.5 tu kwa jirani zetu Uganda. Ukisoma juujuu utadhani Waganda wote wanaamkia uwanjani. Lakini dodoso linalotumika sana katika kazi hizi lina mafungu matatu: kazini, safarini na katika mapumziko. Mawili ya kwanza watu wa ukanda wetu tunayajaza mpaka yanamwagika. La tatu wengi wetu tunaliacha tupu. Ubingwa tumepewa na jembe na ndoo.

Basi fanya hivi, wala sikuambii uamke saa nane. Ndoo zako tafuta pa kuziacha, hata ukimpa mlinzi wa soko shilingi mia tano, ili ile nusu saa utembee mikono mitupu, mabega yakiwa huru. Maji yanapochemka, shika meza, inuka kwa vidole vya miguu, shuka taratibu, mara kumi na tano. Damu iliyotuama miguuni ipande. Siku mbili kwa wiki chukua stuli, kaa na kuinuka bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia. Usibane pumzi, presha haipendi. Na vile vidonge vya mchuzi vya mchemraba unavyovunjia kwenye maharage ni chumvi iliyovaa sare. Tumia nusu ya unavyotumia sasa, ongeza kitunguu na ndimu.

Halafu usingizi. Hukuniandikia unalala saa ngapi, na nadhani najua kwa nini. Ukiamka saa tisa usiku na kulala saa tano, hizo ni saa nne. Wasomaji wengine watanishangaa, lakini kati ya nusu saa ya mazoezi na nusu saa ya usingizi, wewe nakupa usingizi. Unene nao huenda mzizi wake uko hapohapo: asiyelala hutafuta nguvu kwenye kikombe cha chai chenye vijiko vinne, na anayeonja sufuria saba kutwa hajui amekula nini. Uvivu hauhusiki hapo hata kidogo.

Nina sababu ya kukuandikia kirefu. Nilipostaafu nilianzisha kundi la mazoezi ya bure kwa wanawake wa mtaani kwetu, kwenye uwanja wa shule, saa kumi na moja jioni. Wiki ya kwanza walikuja tisa, ya tatu wawili, na mmoja wa hao wawili ni dada yangu. Nikawasema sana, nikasema wanawake wa siku hizi wanapenda kukaa barazani. Mama mmoja akanisikiliza mpaka mwisho akaniambia, "Mwalimu, muda huo ndio maji yanatoka bombani." Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimepanga ratiba ya mwanamke mwenye pensheni. Sasa tunafanya Jumapili, kwenye kikao cha VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa: kabla fedha hazijahesabiwa, dakika ishirini za kunyoosha viungo na kuchuchumaa, kanga kiunoni, mtoto mgongoni kwa mwenye mtoto. Anayechelewa anatozwa faini kama ya kuchelewesha hisa. Tupo thelathini na moja. Waulize wa kikundi chako Vingunguti.

*Kocha, mimi ni mlinzi wa jengo moja Masaki lenye jimu ghorofa ya kwanza. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Nawafungulia geti watu wanaokuja kukimbia bila kwenda popote. Nasikia ada ni laki na nusu kwa mwezi. Nina miaka 34 na kitambi kimeanza kuchungulia. Nifanyeje?*
— Mlinzi, naishi Gongo la Mboto

"Kukimbia bila kwenda popote" nimeikata nimeibandika ukutani.

Hesabu yako nimeifanya kwenye kona ya barua: saa kumi na mbili lindoni, tatu njiani foleni ikiwa na huruma, saba za kulala. Zinabaki mbili za kuoga, kula, na kumwona mtoto kabla hajasahau sura yako. Sitakugusa hizo mbili. Nakwenda kuchukua kwa mwajiri. Doria ni kazi yako, sivyo? Basi badala ya kuzunguka ukuta kwa mwendo wa kiongozi wa msafara, zunguka kwa kasi, dakika tano kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Hiyo ni dakika ishirini kila usiku, na hakuna atakayekwambia umeacha lindo. Pushapu piga ukutani, si chini, sare isichafuke. Baada ya saa nane usiku acha, mwili umeshachoka na usingizi wa mchana unahitaji utulivu.

Jambo la pili linahitaji ujasiri kidogo. Muombe msimamizi wa jimu, kwa adabu, kama walinzi mnaweza kutumia mashine nusu saa kabla ya wateja kufika, siku mbili kwa wiki, mwenzako akishika geti. Atakataa? Inawezekana. Ila mashine hizo zinalala bure usiku kucha na anayezilinda ni wewe.

*Kocha Bibi, unawabembeleza mno watu. Mazoezi ni bure, barabara haina kiingilio. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri, nakimbia kilomita nane, naoga, naenda kazini. Ni nia tu. Tuache visingizio.*
— Mkimbiaji, Mbezi Beach

Hongera kwa kilomita nane, na sisemi kwa kejeli. Wenye uwezo wako wengi wamelala saa hiyo. Nina maswali machache. Unaporudi, chai imechemshwa na nani? Watoto wamevalishwa na nani? Geti limefunguliwa na nani? Kama nyumbani kuna dada wa kazi, basi ameamka kabla yako, na hajakimbia hata mita moja. Zile kilomita nane mmezikimbia watu wawili, mmoja akiwa jikoni.

Binti yako, kama unaye, unamruhusu atoke peke yake saa kumi na moja alfajiri? Nadhani utasita, na huko kwenu kuna taa za barabarani. Sasa mpeleke huyo binti Manzese au Tandale, kwenye kichochoro ambacho bodaboda mbili hazipishani, mtaro uko wazi, na vijana wa kijiweni hawajalala bado. Mimi mwenyewe nilipoanza kukimbia na trakisuti mtaani kwetu nilikuwa na miaka 58. "Bibi, nani kakufukuza?" walinipigia kelele wiki nzima. Nilivumilia kwa sababu nusu yao niliwafundisha darasa la tatu, nawajua kwa majina na kwa alama zao za hesabu. Msichana wa miaka 22 aliyehamia juzi hana silaha hiyo.

Mji wenyewe haukugawanywa juzi. Enzi za Waingereza Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila mmoja na kipimo chake cha viwanja na nafasi. Upande wa Oysterbay walikaa watu wachache kwenye bustani kubwa karibu na upepo wa bahari. Upande wetu nyumba ziliegemeana. Mnazi Mmoja, ambao leo tunausimulia kama uwanja wa sherehe, uliachwa wazi ili kututenga sisi na Wahindi, wala si ili mtu apate pa kuchezea. Waliotugawa kwa rangi wameondoka, ramani imebaki. Leo ukitaka pa kukimbia penye upepo na njia pana unakwenda ufukwe wa Coco au kwenye daraja la Tanzanite. Kwa wa Masaki ni pua na mdomo. Kwa wa Mbagala Rangi Tatu ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli ya kwenda kukimbia! Barabara haina kiingilio, ila njia ya kuifikia inacho.

Kulikuwa na uwanja mtaani kwetu. Nilipowasili Temeke timu tatu za mtaa zilichezea hapo, na jioni wasichana wakubwa, wengine wameolewa, walicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye kona ya mwembe. Zikajengwa fremu za maduka upande mmoja, mbili, tano. Kisha mtu akaweka maegesho ya magari kwa ada. Nilikwenda ofisini kuuliza, nikaonyeshwa karatasi yenye mihuri. Timu za wanaume zilitafuta uwanja mwingine, mbali kidogo. Wacheza rede hawakutafuta. Hakuna aliyewauliza walikwenda wapi, nami nikiwamo.

Utaniambia zamani tulikimbia mchakamchaka peku, bure. Kweli, na nyimbo zake bado nazikumbuka. Lakini ile ilikuwa na uwanja, kengele, na mwalimu wa zamu anayelipwa mshahara. Bure yake ililipiwa na mtu. Siku hizi tumeigeuza mbio kuwa bidhaa: Kilimanjaro Marathon ilianza Moshi mwaka 2003, na sasa hapa Dar sijui mwezi gani unapita bila mbio zenye fulana na medali. Moja niliyoalikwa mwaka huu kiingilio chake kilikuwa shilingi 40,000. Nilikwenda, ilinoga. Waliotugawia maji njiani walikuwa vijana wa mtaa huohuo, na nilipowauliza kwa nini hawakimbii walidhani nawatania.

*Shikamoo Kocha. Ni ofisa utumishi katika ofisi ya umma. Tunapeleka timu SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za Serikali, na Jumamosi moja kila mwezi tunafanya bonanza: mpira, netiboli, kuvuta kamba, nyama choma. Wanaojitokeza ni walewale, maofisa na madereva wachache. Akina mama wa usafi tunawakaribisha lakini hawachezi. Tunakosea wapi?*
— Ofisa, Dodoma

Marahaba. Umesema "hawachezi", hukusema hawaji. Basi wanakuja. Wanakuja kufanya nini? Kama nakisia sawa, ndio wanaosafisha sahani za nyama choma.

Jambo la pili: ni waajiriwa wenu au wa kampuni ya usafi? Ofisi nyingi sasa hukodi kampuni. Kama ndivyo, timu ya SHIMIWI haiwahusu, fulana hazikuhesabiwa kwa ajili yao, na wakiumia kifundo cha mguu kwenye kuvuta kamba hawajui nani atawalipia. Ofisa akiumia anapewa mapumziko, mshahara unaingia. Wao siku moja bila kufagia huenda ni siku moja bila malipo.

Halafu hiyo Jumamosi. Desemba 2016 Serikali ilitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, na aliyezindua ni Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais. Nia ilikuwa njema na mimi nilishiriki kwa moyo wote. Lakini Jumamosi ni mapumziko kwa mwenye wiki ya siku tano. Kwa anayesafisha ofisi yenu Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi ndiyo siku ya kufua za watu, kusuka nywele za watu, kuuza maandazi. Mnamwalika acheze siku yake ya kutafuta senti ya pili.

Hamisheni kitu kimoja tu. Siku ya kazi, saa tisa alasiri, nusu saa, kila mtu, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi. Kampuni ya usafi iandikiwe barua isiwakate. Michezo isiwe ya waliofundishwa shuleni tu. Netiboli inataka mtu aliyewahi kuwa na mwalimu kama mimi. Rede haitaki chochote, kila mwanamke aliyekulia uswahilini anaijua, na nakuhakikishia mkurugenzi wenu atapigwa mpira wa kwanza akiwa bado anatafuta pa kusimama. Sahani siku hiyo osheni wenyewe.

*Kocha Bibi, hapa Mbagala kuna kikundi cha jogingi, natamani kujiunga. Sare ni 25,000 na mchango wa mwezi 5,000. Mume wangu anasema mke wa mtu hakimbii barabarani. Nina watoto watatu.*
— Mama Watatu

Vikundi hivi vinabezwa na watu wa mjini kwa zile ngoma na nyimbo za Jumapili alfajiri, mimi navipenda. Mchango wa elfu tano si wa kukimbia peke yake. Humo mna kuzikana, kuuguzana na kuchangiana harusi. Ila sare ya kulipa kwa mkupuo ndiyo mlango unaowafungia wengi nje. Mwone katibu umuombe kudunduliza kwa miezi mitano, na ukimbie na fulana yoyote ya rangi inayokaribia. Akisema bila sare hukimbii, mwambie ameanzisha duka la nguo.

Kuhusu mumeo, sikufundishi ugomvi. Mweleze tu kwamba Zanzibar kila tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi, na akina mama wa makamo huwa barabarani na vikundi vyao, mitandio kichwani, mchana kweupe. Nao ni wake za watu. Kisha mwambie aje naye. Wanaume wengi wanaokataza huwa wanaogopa kuonekana wamechoka kabla ya wake zao. Watoto watatu ndilo suala gumu hasa, na humo kikundini bila shaka hauko peke yako: pangeni zamu, mama mmoja abaki na watoto wa wenzake kila Jumapili. Anayebaki asihesabiwe mtoro.

*Kocha, raba nzuri ya kukimbilia ni bei gani? Nina elfu kumi na tano.*
— Kijana wa Tabata

Inatosha. Nenda soko la mitumba la Karume siku ya kazi, asubuhi, marobota yakifunguliwa, si Jumamosi watu wanapokanyagana. Vaa soksi utakazokimbilia. Ishike raba kisigino na ncha uikunje: ikipinda penye vidole ni nzima, ikipinda katikati kama chapati iache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao imezeeka, hata ingeng'aa vipi. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande mmoja, aliyeivaa kabla yako alikuwa na mwendo wake, usiurithi. Mbele ya dole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Muuzaji atakwambia elfu thelathini na kuapa kwa mama yake. Mtajie kumi, mshukuru, ondoka bila kugeuka. Mimi juzi nilihesabu hatua saba ndipo akaniita, tukamaliza kwa kumi na mbili.